Sanduku la Sinema: Tunamcheka Nani?

Mwezi huu sanduku limejaa barua za jambo moja, nami sikutaka kuzigawa matoleo mawili. Zote zinauliza kuhusu filamu za kuchekesha ambazo wahusika wake ni wapenzi wa jinsia moja. Wengine mmeandika kwa hasira, wengine kwa kujificha, na mmoja ameandika kwa kalamu nyekundu kama mwalimu, kumbe ni mwalimu kweli. Mimi nimekuwa kwenye biashara ya kukodisha sinema hapa Mlango Mmoja tangu enzi za kanda, na hizi mnazoziulizia nimezitazama nikiwa nimetulia. Baadhi yake nazipenda sana, na nitasema kwa nini.

*Shikamoo Shangazi. Naishi Nyakato kwa kaka yangu mkubwa. Jumapili tuliweka muvi ya Kimarekani kutoka kwenye flashi ya jirani, yumo Robin Williams. Kaka alikuja katikati, akacheka mpaka akashika mbavu, hasa kwa yule mwanaume wa gauni. Alipong'amua kwamba wale wanaume wawili ni wapenzi na wamelea mtoto pamoja, akazima deki, akatutazama kama sisi ndio tuliowaoza. Mbona alicheka kwanza? Na je, hizi filamu zinawatukana hao watu au zinawatetea? — Mdogo mtu, Nyakato*

Marahaba mdogo wangu. Mliyoitazama ni The Birdcage ya mwaka 1996, iliyoongozwa na Mike Nichols. Kabla yake Wafaransa walikuwa na La Cage aux Folles ya 1978, nayo ilitokana na mchezo wa jukwaani wa Jean Poiret uliochezwa Paris mwaka 1973. Kisa ni hichohicho: kijana anataka kuoa binti wa mwanasiasa mkali wa maadili, na wakwe wanakuja kula chakula cha jioni. Tatizo ni kwamba kijana amelelewa na baba yake, Armand, mwenye klabu ya muziki Miami, pamoja na mpenzi wa baba yake, Albert, ambaye hutumbuiza klabuni humo akiwa amevaa kike. Basi nyumba nzima inapinduliwa ili wageni wasijue.

Kaka yako alicheka kwa sababu mwanaume aliyevaa gauni ni kichekesho cha kale hata kwetu. Joti akijifunga khanga na kuwa mama mtu, nchi nzima inacheka na hakuna anayezima televisheni. Kaka alicheka nguo. Filamu ikamwomba abaki kidogo amtazame aliyevaa nguo, hapo ndipo alipochukua remoti.

Sasa nikupe kipimo changu, maana umeuliza matusi au utetezi. Mimi huangalia nani amebeba kichekesho. Kuna ile sehemu wamekaa mgahawani nje, Armand anamfundisha Albert kupaka haradali kwenye mkate mkavu "kiume". Albert anapaka, mkate unapasuka mkononi, naye anababaika kana kwamba ameua mtu. Halafu anafundishwa kutembea kama John Wayne, yule wa filamu za kauboi. Anasimama, anatembea, na Armand anabaki ameduwaa, kwa sababu anagundua kwamba John Wayne mwenyewe kweli alikuwa anatembea vile! Hapo kichekesho kimehama. Hakiko tena kwa Albert, kiko kwenye hicho tunachokiita uanaume, ambacho kumbe nacho ni mwendo wa kujifunza. Na mwisho wa filamu, waandishi wa habari wameizingira nyumba, mwanasiasa hana pa kutokea ila kupitia klabuni akiwa na wigi na gauni. Aliyekuja kukagua maadili ya watu ndiye anayevalishwa.

Filamu ambayo mpaka inaisha tunamcheka Albert kwa kuwa ni Albert, mimi siiweki dukani. Hii si hiyo. Hapa huyu mtu analia kwa sababu mtoto aliyemlea amemwomba asionekane siku ya wageni, na filamu inamheshimu anapolia.

Kuhusu kaka: nyumba ni yake, usigombanie remoti. Na watoto wadogo wasiwepo, hata Marekani filamu hii waliiwekea daraja la wakubwa. Lakini siku ametulia, muulize tu ni sehemu gani ilimchekesha zaidi, umwache aisimulie mwenyewe.

*Binti yangu, mimi ni mwalimu mstaafu, Nansio. Enzi zetu tulitazama sinema za heshima. Haya mambo yameletwa juzi na intaneti. Kwa nini gazeti lenu linayapa nafasi? — Mwalimu, Ukerewe*

Shikamoo Mwalimu. Enzi zenu nazipenda, na nakuomba uniruhusu nizitaje. Mwaka 1959, Tanganyika bado haijapata uhuru, Billy Wilder alitoa Some Like It Hot, yumo Marilyn Monroe. Wanamuziki wawili wameshuhudia mauaji ya majambazi huko Chicago, wanakimbia wakiwa wamevaa kike ndani ya bendi ya wanawake. Mzee mmoja tajiri anampenda mmoja wao. Mwisho kabisa wako kwenye boti, kijana anavua wigi na kumwambia yule mzee kwamba yeye ni mwanaume. Mzee hatikisiki, anaendelea kuendesha boti na kusema hakuna mtu aliyekamilika. Filamu imeishia hapo.

Wakati ule studio za Hollywood zilikuwa chini ya kanuni za maadili zilizosimamiwa kwa ukali tangu 1934 na kuondolewa 1968, na kanuni hizo zilikataza hata kudokeza mapenzi ya namna hii. Wilder aliitoa filamu yake bila kibali cha wasimamizi hao. Watu hawa walikuwemo kwenye sinema zako, Mwalimu, walikuwa wanapitishwa mlango wa nyuma, wakiwa wamefunikwa na vicheko. Tunawapa nafasi kwa sababu wasomaji wameuliza, na waliouliza ni wengi.

*Shangazi, usiandike jina wala mtaa. Nina miaka thelathini na kitu, nina kazi, nimejenga. Kila nikienda kwetu Sengerema mama anauliza mkwe atamwona lini. Sasa wajomba wamesema wataanza kamati hata bila mimi. Rafiki alinipa filamu ya yule Mtaiwani aliyefunga ndoa ya kuwaridhisha wazazi. Kasha linasema ni ya kuchekesha. Mimi nililia. Niliielewa vibaya?*

Mwanangu, uliielewa vizuri kuliko wengi. Acha niwaeleze na wengine walio nje ya barua yako.

Filamu inaitwa The Wedding Banquet, ya mwaka 1993, na mwongozaji ni Ang Lee, mzaliwa wa Taiwan. Mwaka huohuo iligawana na filamu nyingine tuzo ya Dubu wa Dhahabu ya tamasha la Berlin. Mwaka 2025 imetolewa upya kwa sura nyingine, lakini mimi nazungumzia ile ya kwanza. Wai-Tung anaishi New York na mpenzi wake, Simon. Wazazi wako Taiwan, baba ni mwanajeshi mstaafu, na kila kanda ya sauti anayotuma mama inauliza ndoa. Wai-Tung ana mpangaji, Wei-Wei, msichana mchoraji asiye na karatasi za ukaazi. Wanakubaliana: yeye apate karatasi, wazazi wapate mkwe. Mara wazazi wanapanda ndege kuja kushuhudia.

Zitazame zile dakika za kuandaa nyumba. Wanashusha kila kitu kinachoonyesha wapenzi wawili wanaishi pale, wanatundika maandishi ya Kichina yaliyoandikwa kwa mkono wa baba. Simon anageuka kuwa mwenye nyumba. Wei-Wei hajui kupika hata kidogo, kwa hiyo Simon ndiye anapika, na mama anamsifu mkwe. Kila mtu anayeishi kwa kujificha anaijua kazi hii ya kukagua nyumba chumba kwa chumba kabla mgeni hajabisha hodi.

Halafu wanaenda kufunga ndoa ya bomani. Imeisha kabla mama hajakaa vizuri, na mama analia. Nani kati yetu hapa Kanda ya Ziwa hamfahamu mama huyo? Mtoto mmoja wa kiume, ndoa ya bomani, hakuna shangwe! Ndipo mwenye mgahawa mmoja, ambaye jeshini alikuwa dereva wa yule baba, anaingilia kati: kwa heshima ya mkubwa wangu, karamu naandaa mimi. Kuanzia hapo hakuna anayemuuliza bwana harusi kitu. Mwenye kukaa kwenye kamati za harusi za Mwanza, daftari la ahadi mezani, mwenyekiti anasoma majina ya wasiomaliza michango, MC ameshalipwa nusu, anajua kwamba harusi ikishapata mwendo, bwana harusi ni abiria tu. Wageni wanalewa, wanawalazimisha maharusi kubusiana, wanavamia mpaka chumba chao. Ang Lee mwenyewe anatokea kwa sekunde chache kama mgeni, akimwambia Mzungu mmoja kwamba anachokiona ni matunda ya miaka 5,000 ya kubana matamanio. Hapo ndipo kicheko kilipo, na ni kicheko cha halali: tunaicheka karamu, tunaucheka uongo unaovimba mpaka haushikiki. Simon hatumcheki. Yumo humohumo, na ndiye mtu pekee ukumbini asiyeweza kupongezwa.

Uliposema ulilia, nadhani ni pale mbele. Baba anaugua, analazwa. Kwenye ujia wa hospitali Wai-Tung anamweleza mama ukweli. Mama anaumia, kisha anamsihi: usimwambie baba yako, itamuua. Siku nyingine baba anatoka matembezini na Simon. Wanakaa. Na yule mzee aliyekuwa anatafsiriwa kila neno tangu afike anafungua mdomo, anaongea Kiingereza. Anampa Simon bahasha nyekundu yenye pesa, ile ambayo kwao hupewa mtu wa familia. Alikuwa anaona, anasikia, anajifunza, na anamhesabu Simon kama mwanawe. Naye anamwomba: usimwambie mke wangu, wala mwanangu. Maana asingewaacha wamdanganye, mjukuu aliyeko tumboni mwa Wei-Wei asingempata.

Kwa hiyo nyumba moja, siri ileile, na kila mmoja ameibeba peke yake akidhani anawalinda wenzake. Ndiyo maana kicheko kilikugeukia machozi. Ang Lee alikitengeneza hivyo makusudi.

Sasa wewe. Nani aambiwe na nani asiambiwe ni uamuzi wako, wala usiharakishwe na mtu, hata na filamu nzuri. New York ya Wai-Tung si hapa. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kwa Waingereza na kukiongezea ukali mwaka 1998, adhabu yake inafika kifungo cha maisha, na ndugu mmoja mwenye mdomo mwepesi anatosha kukuharibia kazi na nyumba uliyojenga. Chagua sikio la kumwambia kwa uangalifu mkubwa.

Lakini jambo moja nalisema kwa nguvu zote, kwa sababu nakupenda bila kukujua: usikubali kuletewa binti asiyejua anaingia wapi. Wei-Wei alikubali akijua, na bado filamu inaonyesha jinsi alivyoumia. Binti wa watu atakayetolewa kwao kwa mahari ya ng'ombe, akae miaka akijiuliza ana kasoro gani, huyo hakukosea kitu. Kuhusu wajomba, kamati haiendi bila tarehe, na tarehe haitoki kwa mtu mwingine. Usitaje tarehe. Wakikubana, changia harusi ya binamu kwa mkono mzito, uwe kamati ya chakula, uonekane. Mama ukimpigia Jumapili, ongea naye mambo mengine marefu: mihogo, mifugo, afya yake, nani amejenga. Mama anayeulizia mkwe kila mara, mara nyingi anaulizia kama mwanawe ataishi peke yake. Mwonyeshe kwamba una watu wako.

*Mambo vipi mama. Nina kibanda umiza Igogo, naonyesha mpira na muvi za kutafsiriwa. Vijana wananiambia kuna moja ya wanaume waliovaa kike wanasafiri na basi jangwani. Nikiiweka Jumamosi usiku itajaza? — Mwenye kibanda*

Itajaza, na ninakuomba usiiweke. Kwanza sheria: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu ikaguliwe na Bodi ya Filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani, na kwa hii kibali huwezi kukipata. Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, kwenye mabenchi yako kuna kijana mmoja anayetembea laini au mwenye sauti nyembamba. Muvi ikiisha usiku, wenzake watatoka na jina jipya la kumwita, na njia ya kwenda kwao ina giza.

Tatu, mtafsiri. Nimesikia tafsiri ya filamu ya aina hii ambayo mtafsiri alimfunika mhusika kwa matusi mwanzo mwisho. Mhusika anaongea maneno ya huzuni kuhusu kufiwa, huku juu yake sauti inamkejeli. Watu walicheka, lakini hawakuitazama filamu ile hata kidogo.

Na filamu yenyewe ni nzuri mno kutendewa hivyo. Ni The Adventures of Priscilla, Queen of the Desert ya 1994, ya Stephan Elliott wa Australia: watumbuizaji watatu, kutoka Sydney hadi Alice Springs kwa basi bovu. Ilipata Oscar ya mavazi, na gauni moja limetengenezwa kwa kandambili tupu, zimeshonwa pamoja kuanzia kifuani mpaka mapajani. Terence Stamp anacheza Bernadette, mwanamke aliyezaliwa na mwili wa kiume, mtu mzima, mfiwa, mwenye ulimi mkali na adabu ya malkia. Yeye ndiye anayechekesha, na walevi wanaomchokoza baa ndio wanaochekwa.

*Shangazi, nasoma mawasiliano ya umma Nyegezi. Zote unazosifu ni za Wazungu. Hakuna za kwetu au hata za Wahindi ambao tumewazoea? — Mwanafunzi*

Swali zuri. Za kwetu za kuchekesha ni haba, na sababu ni rahisi: mwenye kutengeneza kichekesho anahitaji ukumbi wa kuchekea. Rafiki ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya 2018, si ya kuchekesha lakini nusu yake ya kwanza imejaa rangi, utani wa mtaani na umbea wa kibandani, kwa Kiingereza na Kiswahili cha Nairobi. Imetokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyoshinda tuzo ya fasihi ya Caine mwaka 2007. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, na nyumbani ikapigwa marufuku. Septemba 2018 Mahakama Kuu ikaifungulia kwa siku saba tu, na kumbi za Nairobi zikajaa. Kahiu alieleza kwamba alitakiwa abadilishe mwisho kwa sababu una matumaini mno. Kama unasoma mawasiliano, andika utafiti wako juu ya hilo: wale wasichana wawili wanaopendana wangeishia kwenye majuto, huenda ingepita.

Wahindi ndio wametukaribia kwa vichekesho. Mahakama yao ya Juu ilifuta adhabu ya mapenzi haya Septemba 2018, kwenye kifungu cha 377 walichoachiwa na Waingereza haohao waliotuachia sisi cha kwetu, na haikuchukua muda Bollywood ikaanza kucheka kwa uhuru. Shubh Mangal Zyada Saavdhan ya 2020 ina baba mtaalamu wa kilimo aliyevumbua kolifulawa nyeusi anayojivunia kuliko watoto. Kilimo anakijua, mwanawe hamjui. Ina makelele kidogo kwa ladha yangu. Badhaai Do ya 2022 ni bora zaidi: polisi anayependa wanaume na mwalimu wa michezo anayependa wanawake wanaoana ili familia zinyamaze, na familia badala ya kunyamaza zinaanza kuulizia mimba. Mashangazi, wakwe, vipimo vya hospitali, kila mtu ana ushauri. Itazame na mama yako ukiweza, maana yule mama mkwe atamtambua.

*Nimefanya kazi mgodini Geita miaka mingi, sasa napumzika Buswelu. Sina shida na watu, ila sipendi muvi za mavazi na mabusu. Kuna moja ya mtu kama mimi? — Mchimba dhahabu*

Ipo kaka, na ni ya wachimbaji wenzako. Pride ya 2014, ya Matthew Warchus. Uingereza, mgomo wa wachimba makaa ya mawe wa 1984 na 1985, serikali ya Margaret Thatcher inataka kufunga migodi. Kundi la wapenzi wa jinsia moja wa London, likiongozwa na kijana Mark Ashton, linaamua kuwachangia wachimbaji, kwa hoja kwamba polisi na magazeti yanayowaandama wachimbaji ndiyo yaliyokuwa yanawaandama wao. Wanatembea na ndoo za michango mitaani, kisha wanafunga safari na gari dogo mpaka kijiji cha Wales kukabidhi. Ukumbi wa wachimbaji kimya, bia mkononi, hakuna anayejua amsalimie nani. Kinachofuata ni vicheko vya watu wanaozoeana: bibi vikongwe wa kijijini wanauliza maswali ambayo vijana wa London wanaona haya kuyajibu, na wachimbaji wanaomba wafundishwe kucheza muziki baada ya kugundua kwamba anayejua kucheza ndiye anayepata wasichana.

Ni tukio la kweli. Mwaka 1985 wachimbaji walikuja London na mabendera ya chama chao wakaandamana pamoja na waliowachangia, na mwaka huohuo kura za chama cha wachimbaji zilisaidia kupitisha azimio la haki za watu hao kwenye mkutano wa chama cha Labour. Usizime mapema, maandishi ya mwisho yanaeleza kila mmoja aliishia wapi, na Mark Ashton, aliyefariki 1987 akiwa na miaka 26, yumo.